Nilisema Anaigiza

Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua wako wengi walio mahali nilipokuwa mimi. Wana ndugu aliye jela na hawamtaji. Wakiulizwa mama yao alizaa wangapi, wanamruka mmoja. Mimi nilifanya hivyo kwa miaka mingi, nikiwa mwalimu wa sekondari, mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walimwita kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja. Nilijihesabu mwenye haki, na dhamiri yangu haikunisumbua hata kidogo.

Mdogo wangu hakuonewa. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nataka kusafisha jina la mtu. Yeye na wenzake watatu waliingia usiku katika duka la mfanyabiashara mmoja wakiwa na mapanga, wakachukua fedha, na mlinzi aliyejaribu kuwazuia walimkata mkono. Mlinzi yule hakufa, lakini mkono wake haukurudi kufanya kazi kama zamani, na alikuwa na watoto wadogo. Kwa sheria zetu Tanzania, adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha si chini ya miaka 30 jela. Hakimu aliposoma adhabu, mdogo wangu aligeuka akanitafuta kwa macho kati ya watu waliojaa mahakamani. Nilitazama chini. Walipompandisha kwenye karandinga mimi nilikuwa nimeshatoka nje, natembea haraka kuelekea stendi ya daladala.

Tangu siku hiyo nilijiambia kwamba jambo hilo limekwisha. Mama hakuona hivyo. Alikwenda yeye peke yake kwa mke wa yule mlinzi, akapiga magoti sebuleni kwao akaomba radhi, akaendelea kuwapelekea mahindi na maharage kila alipovuna. Na kila alipopata nauli alipanda basi kwenda kumtembelea mwanawe. Gereza lilikuwa mkoa mwingine, safari ya tangu alfajiri hadi mchana. Alibeba sabuni, dawa ya meno, sukari na Biblia ndogo. Aliporudi alipitia kwangu, miguu imevimba, akakaa kwenye mkeka na kunipa habari ambazo sikuziomba.

Alisema mdogo wangu amebadilika. Alisema sasa anawafundisha wafungwa wengine kusoma na kuandika, anaongoza ibada ya jioni, na hata nyampara wao humwita pale watu wanapotaka kupigana. Mimi nilikuwa na jibu moja, na nililirudia mpaka likawa kama sala. Nilisema, "Mama, huyo anaigiza. Kule ndani kila mtu anaokoka."

Siku moja alinijibu, "Basi nenda ukamtazame anavyoigiza."

Sikwenda. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na kweli mitihani ilikuwepo, maana mwalimu hakosi mitihani ya kusahihisha.

Kazi yangu ni kufundisha fasihi. Tamthiliya ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nimewafundisha watoto wa watu Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, nimewafundisha Mabepari wa Venisi ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kutoka kwa Shakespeare, nimewasimamisha mbele ya darasa wakiwa wamejifunga kaniki na vitenge waigize. Zaidi ya hayo, nje ya mtaala, niliwasomea Sauti ya Dhiki. Niliwaeleza kwamba Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi aliyoiandika, akiuliza nchi yake inakwenda wapi, na kwamba mashairi yale aliyatunga gerezani na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka nikiyasoma. Wanafunzi walinyamaza kabisa. Kisha kengele ililia, nikafunga kitabu, nikaenda chumba cha walimu kunywa chai, na haikunijia kwamba mtoto wa mama yangu naye yuko nyuma ya ukuta wa aina hiyo hiyo wakati huo huo.

Kanisani hali ilikuwa hiyo hiyo. Kila Pasaka kikundi chetu kilipeleka zawadi katika gereza la hapa mjini. Nilikuwa mmoja wa waratibu. Nilibeba katoni za sabuni, nikasimama na wenzangu kupiga picha na maofisa, nikatoa neno fupi kuhusu upendo. Niliweza kumpa sabuni mfungwa nisiyemjua, nikarudi nyumbani nimeridhika. Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Nadhani yule nisiyemjua hakunidai kitu. Mdogo wangu alinidai.

Mama alifariki kwa shinikizo la damu msimu wa mvua za masika. Tulizika kijijini. Watu waliuliza kwa sauti ya chini kama yule mwingine ameambiwa, na mimi niliitikia kwa kichwa, ingawa sikuwa nimemwambia. Dada yetu ndiye aliyemwandikia barua baada ya matanga. Kwa hiyo mdogo wangu alijua kwamba mama amekufa kwa kupitia karatasi iliyofunguliwa na kusomwa na mtu mwingine kwanza, wakati udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Kwangu haikuja barua yoyote kutoka kwake. Nilisema moyoni kwamba hiyo ni dalili ya ugumu wake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sasa nieleze jinsi nilivyoguswa.

Binti yangu anasoma chuo kikuu. Likizo moja mwaka 2025 alikuja na filamu kwenye kompyuta yake, akasema, "Baba, wewe si mtu wa maigizo? Tazama hii." Inaitwa Sing Sing. Hakuniambia inahusu nini, na hadi leo sijamuuliza kama alikusudia. Nilikaa nitazame nusu saa kwa ajili ya kumfurahisha.

Sing Sing ni gereza la kweli. Liko Ossining, kando ya mto Hudson, kaskazini mwa jiji la New York, na ni gereza kongwe: ujenzi wake ulianza 1825, na wafungwa wenyewe ndio waliochonga mawe na kujenga kuta zilizokuja kuwafunga. Mwaka 1996 kilianzishwa humo kikundi cha sanaa kiitwacho Rehabilitation Through the Arts. Mwanamke aitwaye Katherine Vockins alikianzisha akishirikiana na wafungwa, na baadaye kazi hiyo ilienea katika magereza mengine ya jimbo hilo. Wanafanya michezo ya kuigiza mbele ya wafungwa wenzao na wageni. Filamu inaeleza habari za kikundi hicho. Iliongozwa na Greg Kwedar, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2023, na ikaingia kwenye majumba ya sinema Marekani mwaka 2024.

Inaanza jukwaani. Mwanamume mmoja anasema maneno ya Shakespeare chini ya taa, kwa sauti tulivu, na ukumbi unampigia makofi. Kisha wanavua mavazi ya mchezo, wanavaa suruali zao za kijani, wanapanga mstari, wanahesabiwa na kurudishwa vyumbani. Hakuna aliyeeleza kitu. Mimi ambaye nimewavalisha wanafunzi na kuwavua mara nyingi nilishtuka kuona nguo za mchezo zikimrudishia mtu utu wake, na nguo zake halisi zikimpokonya.

Mwanamume huyo anaitwa Divine G, na anayemwigiza ni Colman Domingo. Amefungwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Ni msomi wa kikundi, anaandika tamthiliya, anawasaidia wenzake kuandaa rufaa zao. Halafu anakuja mwingine, Divine Eye, mtu wa uwanjani pale gerezani, anayewatoza wenzake fedha kwa vitisho. Anaomba kujiunga. Siku za kwanza hawezi hata kufanya mazoezi: mwenzake anapita nyuma yake jukwaani, kama mchezo unavyotaka, naye anageuka kwa hasira tayari kupigana, kwa sababu mahali anapoishi mtu akipita nyuma yako unaweza kufa. Huyo ndiye anayetaka kumwigiza Hamlet.

Hapo nilimwona mdogo wangu kwa mara ya kwanza. Sikumwona katika Divine G asiye na hatia. Ningekuwa na ndugu kama Divine G ningekwenda kumtembelea kila mwezi na kuandika magazetini. Nilimwona katika yule mwenye hatia. Baadaye binti yangu aliniambia jambo lililonikosesha usingizi: anayemwigiza Divine Eye ni Divine Eye mwenyewe. Jina lake ni Clarence Maclin. Alifungwa kwa unyang'anyi, akakaa ndani miaka 17, akajifunza kuigiza humo humo, akatoka 2012. Na wengi wa wale wanaume wengine, ambao nyuso zao nilikuwa nimeanza kuzipenda, nao walikuwa wafungwa wa kweli waliopitia kikundi hicho na wanajiigiza wenyewe.

Mazoezi yao yalinigusa kuliko mchezo wenyewe. Mchezo wanaouandaa ni wa kuchekesha, umechanganya Misri ya kale, wapiganaji wa Roma na Hamlet ndani ya safari moja ya kupita zama. Lakini mwelekezi wao anawakalisha kwenye duara, anawaambia wafumbe macho waende mahali wanapopapenda kuliko pote duniani, kisha wasimulie. Wanaume wenye makovu usoni wanafumba macho mbele ya watu wengine. Nimefundisha tamthiliya karibu maisha yangu yote ya kazi nikiuliza maswali ya dhamira, fani na wahusika, na sijawahi kumwambia mwanafunzi afumbe macho aseme anakopenda kuwa. Nilifundisha ili wafaulu. Wale walikuwa wanafanya ili wasife.

Nisimame kidogo kwenye sehemu moja, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonivunja.

Divine G anaitwa mbele ya kikao cha kuomba apunguziwe adhabu. Amejiandaa kwa miaka. Anaulizwa kuhusu kazi zake gerezani, naye kwa furaha anaeleza habari za kikundi cha maigizo, jinsi kinavyowasaidia kuzijua hisia zao na kuzitawala. Mama anayemhoji anasikiliza, halafu anamuuliza: je, hata sasa hivi, hapa mbele yangu, unaigiza?

Uso wa yule mtu siwezi kuueleza. Anatafuta jibu na halipo. Akilia, ataambiwa anaigiza. Akitulia, ataambiwa anaigiza. Kila jema alilolifanya ndani ya miaka yote ile limegeuka ushahidi dhidi yake kwa swali moja.

Nilisimama, nikamwambia binti yangu nakwenda kuangalia kuku. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Swali lile lilikuwa langu, na mimi sikuwahi hata kuliuliza kama swali. Nilikuwa nimelitoa kama hukumu, kwa maneno yale yale, kwenye mkeka ule ule, kwa mama mwenye miguu iliyovimba. Mahakama ilikuwa imempa mdogo wangu miaka 30. Mimi nilikuwa nimempa adhabu ambayo haina mwisho wala rufaa, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba chochote atakachokuwa hakitakuwa cha kweli.

Nililia. Nilimlilia mama zaidi kuliko mdogo wangu, nakiri. Kisha nilirudi ndani, binti yangu alikuwa ameisimamisha filamu, akaendelea bila kusema neno. Divine G ananyimwa. Anamwaga hasira mbele ya kikundi alichokilea, anaondoka. Na anayekwenda kumrudisha ni yule mtu wa uwanjani, yule ambaye mwanzoni alikuwa hawezi kusimama jukwaani. Aliyesaidiwa anakuwa msaidizi. Nadhani hapo ndipo filamu inasema ukweli kuliko mahubiri mengi niliyoyatoa: haikai kuhesabu nani anastahili.

Ningependa kusema kwamba kesho yake nilipanda basi. Sikupanda. Kuguswa na kwenda ni mambo mawili, na kati yake nilikaa miezi. Niliandika barua nikaichana. Niliona aibu mbele ya mdogo wangu kuliko nilivyowahi kuona aibu kwa ajili yake. Nilijiuliza nitaanzia wapi, nitasema nini kuhusu mama, na itakuwaje akikataa kutoka kuniona. Mfungwa hana mengi anayoweza kukataa, ila kumkataa mgeni anaweza, na nilijua ana haki hiyo. Usiku niliota amegeuka ananitafuta kwa macho mahakamani, na mimi natazama chini.

Katika miezi hiyo nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu watu wale. Nilijua kwamba waigizaji wote na watengenezaji wa filamu walilipwa kwa kiwango kimoja, aliyekuwa mfungwa sawa na nyota mashuhuri, na kila mmoja akapewa sehemu yake katika mapato. Nilijua kwamba Maclin na Divine G wa kweli, ambaye jina lake ni John Whitfield, walitajwa kati ya waandishi wanne walioteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2025 kwa uandishi wa filamu hiyo. Whitfield mwenyewe anapita kidogo ndani ya filamu, kama mfungwa anayemwomba Domingo saini. Nilijua kwamba mwingine wao, Jon-Adrian Velazquez, aliyekaa ndani zaidi ya miaka 20 kwa kifo cha mtu ambaye hakumuua, alifutiwa hatia na mahakama Septemba 2024, filamu ikiwa bado inaonyeshwa. Na nilijua kwamba mapema 2025 filamu ilipelekwa katika magereza zaidi ya 1,000 ya Marekani, wafungwa waitazame kwenye vishikwambi vyao. Hilo la mwisho lilinifariji kwa namna ya pekee. Niliwaza watu walioketi mahali kama alipoketi mdogo wangu, wakimwona mtu aliyetoka mahali pale pale.

Mke wangu ndiye aliyenitoa. Jumamosi moja alfajiri aliniamsha, mfuko ukiwa tayari mlangoni, ndani yake sabuni, sukari, dawa ya meno na miwani ya kusomea. Dada alikuwa amemwambia kwamba macho ya shemeji yake yameanza kufifia. Alisema, "Baba, nenda. Akikukataa, utakuwa umekataliwa ukiwa umekwenda."

Nilipanga foleni getini na wanawake. Karibu wote walikuwa wanawake: mama, wake, dada, wengine na watoto mgongoni. Walijua utaratibu wote, nani wa kumpa kitambulisho, chakula gani kinaruhusiwa, mahali pa kuacha simu. Bibi mmoja aliniona sijui pa kusimama, akanivuta mkono akaniweka mbele yake. Aliniuliza nimekuja kwa nani. Nikasema, "Mdogo wangu." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulitamka neno hilo hadharani, mbele ya mtu nisiyemjua.

Walimwita. Alitokea upande wa pili wa wavu, amevaa sare ya wafungwa, amekonda, nywele zimeanza mvi. Nilimwacha kijana. Nilishika wavu kwa mikono miwili na maneno yote niliyoyapanga ndani ya basi yakapotea.

Yeye ndiye aliyeanza. Aliinamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa na mama tukiwa watoto, akasema, "Shikamoo kaka."

Sikuweza kuitikia mara moja. Shikamoo ni heshima ya mdogo kwa mkubwa, na mimi sikuwa nimefanya lolote la mtu mkubwa. Alingoja. Askari aliyesimama kando naye alingoja. Mwishowe nikasema, "Marahaba, mdogo wangu," na sauti ilinitoka vibaya.

Hakuniuliza kwa nini sikuja. Nilijaribu kuomba msamaha, nikaanza kueleza habari za mahakamani, habari za matanga, akanikatiza kwa upole akauliza, "Kaka, kaburi la mama mmelijengea?" Nikamwambia tumelijengea, na kuna mwembe karibu. Akataka kujua ni mwembe upi. Tulitumia dakika zetu nyingi kuzungumza kuhusu mwembe ule, nani aliupanda, mwaka gani ulizaa sana. Kisha akauliza kuhusu mlinzi. Alitaka kujua kama watoto wake walisoma. Sikujua. Mama ndiye aliyekuwa akijua, na mimi tangu amefariki sikuwa nimefika katika nyumba ile. Nilimwahidi kwamba nitakwenda, na nimekwenda. Mtoto mkubwa ni fundi umeme. Mlinzi mwenyewe alinipokea, hakusema amesamehe wala hajasamehe, akaniambia mama yangu alikuwa mtu mwema. Nilikunywa chai yake. Sina zaidi ya hilo la kueleza, na si langu kulifanya liwe zaidi.

Muda ulipokaribia kwisha nilimweleza mdogo wangu habari za filamu, haraka haraka, wanaume wa Marekani wanaoigiza gerezani. Alisikiliza kwa makini sana. Nikamwambia pia neno nililokuwa nalisema kwa mama, kwamba anaigiza. Niliona lazima alisikie kutoka kinywani mwangu. Alikaa kimya, halafu akasema kwamba miaka ya mwanzo ilikuwa kweli. Alikuwa akiongoza ibada huku moyoni hana kitu, kwa sababu mama alifurahi akisikia, naye hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa. Akaendelea hivyo, akiwasomea wenzake, akiwafundisha herufi, mpaka siku moja mzee mmoja mfungwa aliandika jina lake kwa mara ya kwanza akalia mbele yake. Akasema tangu siku hiyo hakukumbuka tena kwamba anajifanya.

Nimefundisha maigizo miaka yote hiyo, na sijawahi kusikia yakielezwa vizuri kuliko hapo.

Sasa nakwenda kila ninapopata nafasi. Mambo hayajawa kama katika filamu. Hakuna jukwaa, hakuna taa, hakuna mwelekezi kutoka nje. Kulikuwa na siku nilisafiri nikaambiwa hakuna kuonana, nikarudi na mfuko wangu. Kulikuwa na siku mdogo wangu alikuwa na hasira, hakutaka kuzungumza, tukatazamana tu mpaka muda ukaisha. Bado ana miaka mbele yake, na mimi sijui nitaishi hadi lini. Lakini niliomba ruhusa ya kupeleka vitabu, ofisa mmoja akavikagua ukurasa kwa ukurasa, akavipitisha. Kinjeketile ilikuwa mojawapo. Mdogo wangu anasema wanaisoma jioni kabla ya kufungiwa, watu kadhaa wakigawana wahusika, wale wasiojua kusoma wakikariri kwa kusikia. Kijana mmoja aliyefungwa kwa kosa kama lake ndiye anayeshika nafasi ya Kinjeketile. Mwanzoni alikuwa anaona haya, sasa hataki kumwachia mtu mwingine.

Darasani nako nimebadilisha kidogo. Kabla ya dhamira na fani, ninawaambia wanafunzi wafumbe macho. Na ninapofika kwenye Sauti ya Dhiki, ninawaambia kwamba nina mdogo wangu gerezani. Mara ya kwanza nilipolisema darasa lilinyamaza. Baada ya kipindi msichana mmoja alibaki nyuma, akaniambia baba yake pia. Alikuwa amesoma shule ile miaka mitatu bila kumwambia mtu yeyote.

Sikustahili salamu ile ya kwenye wavu. Sikuilipia kwa chochote, nilipewa. Namshukuru Mungu, namshukuru mama aliyenitangulia kwenye foleni ile kwa miaka yote, nawashukuru na wale wanaume wa Sing Sing ambao hawatajua kamwe kwamba waliingia katika nyumba ya mwalimu mmoja hapa Tanzania.

Wewe unayesoma, kama una ndugu ndani na umeacha kumtaja, sikuhukumu, nilikuwa hapo. Uliza siku za kutembelea katika gereza alipo. Chukua kitambulisho, sabuni na sukari. Ukifika, wanawake walio kwenye foleni watakuelekeza. Usisubiri kwanza ujue utasema nini, maana nilisubiri hivyo na sikupata. Nenda akuone.